Kichwa Juu ya Boneti

"Nirudishie Idi yangu."

Hayo ndiyo maoni ya kwanza niliyopewa filamu ilipokwisha, Idi pili, saa kumi jioni, kwenye kibanda umiza cha Nachingwea ambako nimetafsiri filamu kwa miaka tisa. Aliyesema ni mama mmoja aliyekuja na watoto wanne waliovaa nguo mpya za kitambaa kimoja. Kiingilio chake hakukitaka. Alitaka Idi, sikukuu nzima, kana kwamba nimeificha mfukoni. Nikamjibu kwamba Idi ni ya Mungu, aende akamdai Mungu. Tangu hapo mambo yakaharibika.

Humu sitamtaja mtu jina. Zamani ningetaja, maana nina mdomo, na mdomo ndio ulionipa kazi. Lakini nimeshajifunza, na nilivyojifunza ndiyo habari yenyewe.

Kwa asiyeijua kazi yetu: filamu inakuja kwenye flashi, ya Kiingereza au ya Kikorea, mimi nakaa kando ya skrini na maiki, nasema kwa Kiswahili wanachosema wao, na wasichokisema pia. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, kikaongezwa na filamu zenyewe. Nisipoelewa, natunga. Watu wanajua natunga na ndicho wanachokuja kusikiliza. Mpelelezi wa Marekani nimewahi kumtuma Liwale kufuata asali. Binti mfalme wa Uchina nimemwozesha kwa magunia ya ufuta. Hakuna aliyelalamika.

Na kibandani kwetu kuna desturi. Filamu ikiisha watu hawatawanyiki, wanabaki kutoa hukumu. Mmoja mmoja anasimama anasema alichokiona, wengine wanamzomea au wanamshangilia, na mimi nawajibu kwa maiki. Mwenye kibanda amenikataza mara nyingi kuwajibu. Anasema mteja hagombwi. Mimi siwezi kukaa kimya mtu anapoongea upuuzi, na pale kwetu upuuzi hauna msimu, unapatikana mwaka mzima.

Filamu hiyo niliichagua mwenyewe. Mwenye kibanda alitaka ya ngumi.

"Idi watu wanataka damu," aliniambia.

"Damu wameiona jana kwenye mbuzi," nikamjibu. "Leo waache wacheke."

Nilikuwa nimechoka na ngumi. Miaka tisa nasema "utanikoma leo" na "nani kakutuma", mwisho hata nikiota naota nasema hivyo. Filamu hii ilikuwa komedi ya safari. Wanaume watatu watu wazima, mmoja mwalimu, mmoja fundi wa mafriji, wa tatu hana kazi, wanaishabikia tamthilia ya zamani ya televisheni inayohusu viumbe wa sayari za mbali. Wanaishabikia kama watu wa huku wanavyoshabikia mpira: wananuniana, wanabishana, wanakumbuka kila kitu kilichotokea na kilichokosa kutokea. Siku moja wanasikia kwamba mzee aliyecheza yule kiumbe mkuu atalivaa vazi lake kwa mara ya mwisho, kwenye mkutano wa mashabiki upande wa pili wa nchi. Wanapanda gari bovu, wanakwenda. Yule asiye na kazi amevaa vazi la kiumbe safari nzima, mwili wa mpira wa kijani na kichwa kikubwa cha kuvaa. Gari linakufa, hotelini wanafukuzwa, polisi wanawalaza ndani, wanagombana hadi kulia, wanaendelea. Nilipoitazama peke yangu nyumbani nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Tatizo likawa moja. Yule mwenye vazi nimwite nani? Kibanda cha Idi kina watoto, kina mama, wazee waliotoka mashambani na Kiswahili chao cha sokoni. Ukiwaambia "kiumbe wa sayari nyingine" wanakutazama tu. Na mimi mbele yangu naona mtu aliyejifunika mwili mzima, ana kichwa kisicho chake, anatembea barabarani anatisha wanawake na watoto. Mama yangu ni Mmakonde wa Lionja, nami nimekulia huko kwao. Kitu cha namna hiyo nakijua, na jina lake nalijua. Nikasema kwenye maiki: "Tazameni, lipiko limepanda gari!"

Kibanda kikalipuka kwa kicheko. Neno likawa limeshatoka.

Lipiko ni lile linalocheza siku wavulana wanapotoka jandoni. Lina uso wa mti ulionakshiwa, wenye nywele za kweli, nguo zimefungwa hadi kidole hakionekani, na njuga kiunoni. Kwa wanawake na watoto lipiko si mtu. Limetoka porini, limetoka kwa wafu, hakuna anayejua limetoka wapi, na likiwaelekea wanakimbia. Wanaume waliopita jando wanajua zaidi ya hapo, na waliapa kutokusema. Mimi niliapa nikiwa na miaka kumi na moja.

Na kijijini kwa mama kuna jambo ambalo ukiwa mgeni litakushangaza. Siku lipiko linapotoka, mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, huwa hayupo. Amekwenda Ruponda. Muulize mke wake, muulize mama, muulize mtoto anayejifunza kusema, utajibiwa hivyo hivyo: amekwenda Ruponda kuangalia mikorosho. Jioni anarudi, amechoka, vumbi hadi kwenye kope, anauliza ngoma ilikuwaje. Anasimuliwa kwa kirefu, anatikisa kichwa, anasikitika kuikosa. Mjomba amezikosa ngoma zote za kijiji tangu mimi sijaota meno, na Ruponda hana hata mkorosho mmoja.

Basi. Katikati ya filamu wale watatu wanasimama kituo cha mafuta. Mwenye vazi ana njaa. Anakishika kile kichwa kwa mikono miwili, anakivua, anakiweka juu ya boneti ya gari, na sote tunamwona: jamaa ana upara, analoa jasho, masikio mekundu, anatafuna viazi. Alichosema kwa Kiingereza sikukisikia kwa kelele za watu. Nikatunga: "Acheni lipiko livue kichwa, lipate chipsi!"

Kicheko kile sijawahi kukipata, wala sitakipata tena. Watoto waligaragara. Mwenye kibanda alishika nguzo. Kwa pembeni niliona kina mama watatu wakiinuka na kuwavuta watoto wao kwa mikono, mmoja kamfunika binti yake uso kwa khanga. Nikadhani wanakwenda chooni. Nilikuwa na furaha ya kijinga, nakiri.

Baada ya hapo filamu ilikufa mikononi mwangu. Kila tukio lililofuata walitaka kichwa kivuliwe tena, na hakikuvuliwa tena. Kufika mwisho, kwenye mkutano wenyewe, nusu ya watu wamesimama, wanapiga miluzi, watoto wanalia wanataka soda. Nikaweka maiki chini. Mwisho wa filamu sikuutafsiri kabisa, ukapita kwa Kiingereza bila mtu kuutazama.

Kisha hukumu. Yule mama wa Idi yake nimeshamtaja. Akafuata kijana wa bodaboda, kofia kaigeuza nyuma.

"Oya, mzee baba, umetuzingua. Umesema muvi ya nyota. Nyota ziko wapi? Masaa mawili natazama gari bovu. Gari bovu mi ninalo!"

Akashangiliwa. Akainuka mzee mmoja mkulima wa ufuta, akasubiri kimya kama yuko barazani.

"Mimi nauliza. Hawa watu hawana wake? Hawana mashamba? Mtu mzima, ndevu zote zile, anasafiri siku nne kwenda kumtazama mwenzake aliyevaa mpira. Nyumbani nani anapalilia?"

"Kwao hawapalilii, babu," nikasema. "Ni mapenzi tu."

"Mapenzi na nani?"

Kibanda kikacheka. Fundi cherehani akasema lile vazi ni kazi mbaya, zipu inaonekana mgongoni, yeye angeshona kwa nusu ya bei na zipu isionekane. Mwingine akalalamika kwamba filamu nzima haina hata maiti. Mwalimu wa shule ya msingi akasema amesoma maandishi ya chini na mimi sikutafsiri hata robo. Nikamwambia aje yeye ashike maiki, tuone kama watu watakaa. Akaniita mhuni. Nikamwita kitu ambacho siku ya Idi hakisemwi. Mwenye kibanda akaninyang'anya maiki.

Kesho yake, Idi tatu, nikaipeleka Ruangwa, maana shemeji wa mwenye kibanda ana ukumbi huko na tulikuwa tumeshaahidi. Nilijipa moyo kwamba watu wa Ruangwa wana uelewa. Hawana. Huko walinichukia kabla filamu haijaanza. Kundi moja la vijana kutoka Likunja walikuja na baiskeli, wakakaa mbele, wakaniambia safari yao ya baiskeli ilikuwa na vituko kuliko filamu nzima: mmoja wao kaanguka mtoni na kuku wa zawadi. Maganda ya machungwa yakaanza kuruka kuelekea kwenye skrini. Kitu kimoja tu walikitaka, na kilikuwa kimeshafika Ruangwa kabla yangu, sijui kwa simu ya nani. Kichwa kilipowekwa juu ya boneti, ukumbi mzima ukasema pamoja nami: acheni lipiko livue kichwa, lipate chipsi! Walipokwisha kusema, wakaondoka.

Ndani ya wiki moja maneno yale yalikuwa Nachingwea nzima. Saa saba mchana stendi, bodaboda wakienda kula: "Twende lipiko livue kichwa." Muuza chipsi mmoja akayaandika kwa rangi nyekundu kwenye kioo cha kabati lake. Nilipiga picha. Filamu yote waliitema, sentensi moja wakaimeza, na sentensi hiyo ilikuwa yangu. Nilivimba kichwa, nisiseme uongo.

Ndipo mama akapiga simu. Hakunisalimia. Alisema, "Njoo Lionja," akakata.

Nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda, anamenya mihogo. Nikasema shikamoo, akaitikia kwa sauti ndogo bila kuinua uso. Nikakaa chini. Akamenya mhogo mmoja wote, akaukata, akaanza wa pili.

"Mtoto wa dada yako anatoka jandoni Jumamosi ijayo," akasema.

"Najua, mama. Viatu nimeshamnunulia." Kwa desturi yetu mimi ndiye mjomba wa mtoto huyo, na nguo za kutokea ni juu yangu.

"Mjomba wako safari hii haendi Ruponda."

Nikaelewa. Mtoto wa dada yangu amekaa porini wiki tatu, amevumilia kisu, amefundishwa, ameoneshwa na kuapishwa, halafu atatoka uwanjani pasipo lipiko la kumpokea. Kwa watu wa mama hilo ni kumtoa mtoto nusu. Watu watalikumbuka kila wakimwona, hadi atakapooa.

"Kwa sababu ya filamu?" nikauliza.

"Kwa sababu ya mdomo wako."

"Mama, ile ni filamu. Mzungu kavaa mpira. Halafu, tuseme kweli, kwani wanawake hamjui? Miaka yote hii hamjui?"

Nilidhani nimepiga hoja ya mwisho. Mama aliweka kisu chini. Sijawahi kumwona na hasira ile, na mimi nimemkasirisha mara nyingi.

"Tunajua!" akasema. "Nani alikwambia hatujui? Mimi mguu wa kaka yangu siujui? Nimekula naye sahani moja, nisiujue? Bibi yako alijua, na mama yake alijua. Tunajua, na tunakimbia. Tunakimbia kwenye miiba, tunapiga yowe mpaka koo linauma, tukirudi jioni tunampa pole ya safari ya Ruponda. Hiyo ndiyo ngoma yetu sisi wanawake. Nyinyi mnacheza, sisi tunakimbia. Wewe umekwenda kulisema kwenye spika, mbele ya watoto, ili watu wacheke. Sasa sisi tukimbie nini?"

Nikainuka pale chini, nikajipangusa vumbi.

Nikaenda kwa mjomba, nyumba ya tatu kutoka hapo. Alikuwa mlangoni ananoa jembe kwa tupa. Nikachutama.

"Shikamoo, mjomba."

Akaendelea kunoa. Nikarudia. Tupa ikaendelea. Mara ya tatu sauti yangu mwenyewe niliisikia imekuwa ndogo. Asiyetoka kwetu hawezi kujua shikamoo isiyoitikiwa inavyokaa kifuani. Afadhali kofi. Mwishowe akasimamisha tupa.

"Hiyo spika yako," akasema, "inafika wapi?"

"Mwisho kibandani tu, mjomba."

"Imefika hapa," akasema. Akaingia ndani, jembe akaliacha pale pale.

Nilirudi kwa mama nikiwa na hasira, maana mimi aibu yangu huwa inatoka kwa mlango wa hasira. Nikamwambia watu wa Lionja wanajikweza, dunia imebadilika, watoto wana simu, hiyo siri imeshaozea mifukoni. Mama aliniacha nimalize. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Iliishaje hiyo filamu?"

"Nani anajali, mama? Watu waliondoka."

"Nakuuliza mimi."

Nikamsimulia. Wale watatu wanafika kwenye mkutano, wamechelewa, wamechafuka. Ukumbi umejaa. Yule mzee anatoka amevaa vazi la kijani, anatembea kwa shida, unaona kabisa magoti hayamshiki. Kila mtu mle ukumbini anajua jina lake. Wana picha zake nyumbani, wanajua ana watoto wangapi. Kijana mmoja wa nyuma anaanza kumwita kwa jina lake la kweli, anataka apunge mkono. Wale watatu wanageuka wanamnyamazisha. Kisha wanapiga magoti kama watu wa kwenye tamthilia wanavyompigia kiumbe, na ukumbi wote unapiga magoti, watu wazima wote wale, wengine wanalia. Mzee anapita katikati yao, anatoka. Kichwa havui. Imekwisha.

Mama alikuwa ameshika mhogo, hamenyi.

"Hao watatu wana adabu," akasema. "Hapo ulisemaje kwenye spika?"

"Sikusema kitu. Watu walikuwa wanapiga kelele."

"Hapo ndipo ungepaza sauti."

Akarudi kwenye mihogo yake. Nilitamani anitukane tena, ingekuwa nafuu.

Jumamosi nilifika Lionja asubuhi na viatu vya mtoto, kanzu na kofia. Watu walikuwa wengi, hata kutoka mjini, wameletwa na pikipiki. Niliposalimia, wanawake waliitikia kwa adabu na kugeukia pembeni. Dada yangu alipokea mfuko, akahesabu vilivyomo, akaondoka bila asante. Nikamsogelea mama.

"Mjomba yuko wapi?"

"Amelala," akasema. "Anasema mgongo."

Amelala. Hakusema Ruponda. Nikajua basi, nimemharibia mtoto siku yake.

Wavulana wakaletwa wamepangwa mstari, wamepakwa mafuta, wanatazama chini kama walivyofundishwa. Mtoto wa dada yangu alikuwa wa pili. Viatu vilimbana, niliona anavyokanyaga, lakini uso umemkaza kwa fahari ya mtu aliyeoneshwa kitu ambacho wadogo zake hawakijui. Ngoma zikaanza. Wakazungushwa uwanjani mara moja, mara mbili. Macho ya watu yalikuwa kwenye mikorosho nyuma ya nyumba, ambako kwa kawaida ndiko linakotokea lipiko. Hakukutokea kitu. Wapiga ngoma wakatazamana, wakarudia ile ile ya mwanzo. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Kisha njuga.

Likatokea kwenye mikorosho kwa ule mwendo wake wa kuchota vumbi, uso wa mti umeinuliwa juu, nywele zinatikisika. Mguu wa kushoto unaburuza kidogo. Zaidi ya hapo sisemi. Nikamgeukia mama, kinywa wazi.

"Mama, mjomba..."

"Amekwenda Ruponda," akasema bila kunitazama.

Likacheza. Sijui nilieleze vipi, mimi mtu wa maneno. Lilimwendea kila mvulana, likamtetemekea mbele ya uso, likarudi nyuma, na njuga zikasema na ngoma. Lilipofika kwa mtoto wa dada yangu nikaona mtoto anauma mdomo asitabasamu. Na hapo hapo, kutoka kwenye pikipiki zilizopangwa kando ya uwanja, sauti ya kijana mmoja wa mjini:

"Acheni lipiko livue kichwa, lipate chipsi!"

Vijana wakacheka. Wasichana wakacheka. Watoto wadogo kabisa, wanaopaswa kulia kwa hofu, wakacheka na kuyarudia maneno hayo kwa pamoja, na sauti waliyoiga ilikuwa yangu, mpaka ule mkwaruzo ninaouweka mwishoni.

Lipiko likasimama. Njuga zikanyamaza. Ngoma moja ikapiga mapigo mawili peke yake, ikaacha. Nikaona mikono ile iliyofungwa nguo inainuka polepole, miwili, hadi kwenye shingo, ikashika uso wa mti chini ya kidevu. Ilishika vizuri, kama mtu aliyekwisha kuamua. Mtoto wa dada yangu alikuwa anatazama, na uso wake sasa haukuwa na fahari yoyote. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Yuuuwi!"

Alikuwa mama. Mama yangu ana magoti mabovu, anaswali amekaa kwenye kiti. Aliinua khanga hadi kwenye muundi akakimbia. Alipiga yowe ambalo lilinisimamisha nywele, na nyuma yake akakimbia mke wa mjomba, kisha dada yangu, kisha wanawake wote wa Lionja, wazee kwa vijana, wanapiga mayowe, wanaangusha kandambili, wanaelekea kwenye mihogo. Watoto waliokuwa wanacheka wakaona mama zao wanakimbia, wakaacha kucheka. Wakaanza kulia kweli. Mama alinipita akanipiga mgongoni kwa kiganja.

"Kimbia, mpumbavu wewe!"

Mwanamume aliyepita jando hakimbii lipiko. Hata mlevi hakimbii. Ukikimbia umejiweka na wanawake na watoto, na wanaume wenzako watakucheka hadi kaburini. Wote walikuwa wananitazama. Nikakimbia.

Nikasikia njuga zimeanza tena. Ile mikono ilikuwa imeshuka. Lipiko likachukua fimbo kutoka kwa mpiga ngoma, likawapita wanawake bila kuwagusa, likampita yule kijana wa pikipiki aliyekuwa tayari anarudi nyuma, likanifuata mimi. Lilinikuta kwenye mihogo. Haikuwa fimbo ya mchezo. Nilipiga kelele kwa sauti yangu yote, ile ya maiki, na sikuigiza, na kila nilipopiga kelele uwanja mzima ulijibu kwa vigelegele. Baadaye niliambiwa hukumu ya watu wa Lionja: kibandani sijawahi kutafsiri vizuri vile.

Jioni nilikuwa uani kwa mama nimelala kifudifudi kwenye mkeka, dada yangu ananikanda mgongo kwa maji ya chumvi bila huruma yoyote. Mjomba akaingia. Vumbi hadi kwenye kope. Mama akamvutia kigoda.

"Pole na safari, kaka."

"Nimeshapoa."

Nikajiinua kwa viwiko.

"Shikamoo, mjomba."

Akanitazama. Macho yake hayakuwa mazuri hata kidogo.

"Marahaba," akasema. Akakaa. "Nasikia leo kulikuwa na ngoma."

"Ilikuwepo, mjomba. Umeikosa."

"Hivi ndivyo ninavyokosa kila siku. Na mgongo huo umefanya nini?"

"Nimechapwa."

"Na nani?"

Dada yangu akaacha kukanda. Mama alikuwa anamimina uji, akasimama na kikombe mkononi.

"Na lipiko," nikasema.

"Pole," akasema mjomba, akapokea uji wake, akanywa taratibu. Nikamuuliza habari za Ruponda. Akasema mikorosho imechanua vizuri mwaka huu.